Pakiti Nne za Chumvi: uchambuzi wa kisa cha kisasi kati ya wapishi wawili wa harusi, Lamu

Kabla ya kuanza

Majina si yao. Mtaa sikuutaja, mwaka nimeuacha, na mambo mawili matatu ya ukoo nimeyageuza kusudi, maana Lamu ni mji wa baraza na mtu akipewa herufi ya kwanza ya jina huimalizia mwenyewe. Maneno yao nimeyatoa kwenye Kiamu, lahaja ya hapa, nikayatia Kiswahili cha kawaida kwa sababu hiyo hiyo. Neno moja tu nimeliacha lilivyosemwa. Wote wawili wameridhia kisa kiandikwe, na mmoja aliweka sharti: "Usimfanye mwenzangu malaika."

Mimi ni mshauri nasaha. Kazi yangu ya kila siku ni ndoa zilizolegea na vijana walioingia kwenye dawa za kulevya. Ugomvi wa wapishi ulinifikia kwa mlango wa nyuma, na tangu hapo simsikilizi tena mtu anayetaka kulipiza kisasi kama nilivyokuwa nikimsikiliza zamani.

Wenyewe

Bi Tima ana miaka 50 na kitu na amepika harusi za mji huu kwa zaidi ya miaka 20. Harusi ya watu 300 si kupika tu. Ni kuni za kuagizwa mapema, mafiga ya kupangwa uani usiku wa manane, masufuria yanayonyanyuliwa na wanaume wanne, wasichana wa kumenya vitunguu, mtu wa kuhesabu masinia, na mpishi mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho. Masufuria ni yake mwenyewe, saba, na kila moja lina jina lake limekwaruzwa kwa msumari ukingoni. Akionja chumvi ya masala ya biriani hatumii kijiko. Hudondosha tone mgongoni mwa mkono, hulamba mara moja, hufumba macho, kisha hunyoosha kiganja bila kusema na mtu humtilia chumvi. Nimemwona. Kwa muda huo jikoni kote hakuna anayepumua kwa sauti.

Mwanaisha ana miaka 31. Ni binti wa binamu yake, kwa ukoo ni mwanawe, naye humwita khalati. Aliingia jikoni akiwa na miaka 17 na alimenya vitunguu miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika mwiko. Mumewe ana mashua ya mashini inayobeba abiria.

Kazi hizi hazina mkataba wa karatasi. Mama wa bibi harusi hutuma mtu au hupiga simu, hutoa arubuni, na neno likishatoka limetoka. Kwa hivyo mali ya mpishi ni masufuria yake na jina lake, na jina ndilo la bei kubwa zaidi.

Mambo yalivyokwenda

Mwezi wa Shaaban huwa na harusi nyingi, watu wanakimbizana na Ramadhani. Familia moja yenye jamaa wengi Mombasa ilikuwa imemwambia Bi Tima kwa mdomo kwamba harusi yao ni yake. Aliwapa habari wasichana wake na akaagiza kuni. Arubuni haikuwa imetoka.

Wiki mbili kabla, mama wa bibi harusi alimwita Mwanaisha nyumbani kwake kuulizia idadi ya masinia. Palikuwa na wanawake wengine kama wanane wakishona na kuzungumza. Mmoja wao aliuliza hali ya Bi Tima, aliyekuwa amepandwa na presha wiki ile. Mwanaisha akajibu: "Khalati mkono wake umechoka. Siku hizi hata chumvi haijui." Kabla ya alasiri alitoka mle na arubuni ya shilingi 40,000.

Bi Tima alilipata jambo hilo kwa muuza kuni. Alikwenda kumlipa, naye akamwuliza kwa nia njema: "Kuni ni za harusi ipi tena, si nasikia umepumzika?" Sentensi yenyewe aliletewa jioni na mmoja wa wale wanane, imetimia, haikupungua hata neno.

Hakumwuliza Mwanaisha. Aliniambia baadaye kwamba alingoja aje aeleze mwenyewe. Hakuja.

Siku ya harusi alikwenda kama mgeni, na leso mpya, yaani kanga, aliyoagiza kutoka Biashara Street, Mombasa. Jina la leso: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Kwetu leso ni barua. Mwenye kuelewa huelewa, asiyehusika hupita, na mwandishi hawezi kushtakiwa kwa kuvaa nguo. Bi Tima aliikunja hadi maandishi yakamkaa mgongoni yote, yasimezwe na mkunjo hata herufi moja, akapita mlango wa jikoni mara tatu. Mara ya tatu Mwanaisha akainua uso kutoka kwenye moshi, jasho likimtiririka, akatabasamu: "Yeo umependeza, khalati."

Mwanaisha anaapa mpaka sasa kwamba hakusoma. Alikuwa hajalala usiku kucha, macho yamejaa vitunguu na kuni mbichi. Ninamwamini. Bi Tima haamini, na mpaka sasa akilitamka hilo "yeo", yaani leo, mdomo wake hukaza. Kwake ilikuwa ni mtu kukukanyaga kisha akasifu viatu vyako.

Ramadhani ilifunika moto kwa majivu. Mfunguo mosi ulipoingia harusi zilirudi, na Mwanaisha akatuma mtoto kwenda kuazima masufuria kama kawaida. Yalikuwa yamekodishwa asubuhi ile ile kwa mtu asiyekuwa na harusi wala hitima. Mwanaisha alihangaika, akayapata kwingine kwa bei ya kumtoa machozi, na chakula kilichelewa kutoka kwa saa moja na nusu.

Usiku huo alirekodi ujumbe wa sauti kwa rafiki yake mmoja. Sekunde 40 hivi. "Waulizeni nyama za harusi huishia wapi. Mimi nimekaa naye, mfuko naujua." Rafiki mmoja akawa kundi zima, na kundi likafika Mombasa kabla ya magharibi ya siku ya pili.

Siku sita baadaye, mtoto wa kiume wa Bi Tima alifungua kamba ya mashua ya mume wa Mwanaisha usiku, maji yakitoka. Mashua ilichukuliwa ikakutwa asubuhi imelalia ubavu kwenye mikoko ya upande wa Manda, mashini imejaa maji ya bahari. Fundi alitaka shilingi 45,000. Bi Tima anasema hakumtuma. Kijana anasema hakuhitaji kutumwa.

Kutoka sentensi moja sebuleni mpaka mashua mikokoni: miezi miwili na siku chache.

Suluhu ya kwanza

Wazee waliingilia, na walifanya haraka. Kikao kilikaa nyumbani kwa kaka wa Bi Tima, sheikh wa mtaa akiwepo. Alisoma aya ya 40 ya Surat Shuura, ile isemayo kwamba malipo ya ubaya ni ubaya mfano wake, na anayesamehe akasuluhisha ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Mzee mmoja akasema yaliyopita si ndwele. Wanawake wakaambiwa wakumbatiane, wakakumbatiana. Kahawa ikaletwa na halua. Jambo lote halikuchukua zaidi ya dakika 50, na kwenye dakika hizo neno "chumvi" halikutajwa. Nyama haikutajwa. Mashua ilitajwa kwa sababu ni ya wanaume.

Suluhu ile ilidumu siku 11.

Usiku alipokuja kwangu

Bi Tima alibisha mlango baada ya isha. Hakuja kama mtu wa nasaha. Alisema amekuja kuniuliza dawa ya usingizi, maana mimi "ninajua watu wa hospitali". Nilimpa chai. Kikombe cha pili kilipokwisha alisema yote kwa pumzi moja.

Kulikuwa na harusi Alhamisi ile, watu 300, Mwanaisha ndiye mpishi. Msichana mmoja wa jikoni alikuwa tayari. Pakiti nne za chumvi, nusu kilo nusu kilo, zingeingia kwenye masala wakati Mwanaisha ameshughulika na wali. Alikuwa ameshazinunua. Alinionyesha kwa mikono jinsi masala yatakavyoonekana hayana neno, na jinsi wanawake watakavyotia tonge la kwanza, watakavyotazamana, na atakayeanza kusema. Alikuwa amemchagua hata huyo atakayeanza kusema. "Waseme wao," alisema. "Waseme kwamba yeye ndiye asiyejua chumvi."

Sijawahi kumwona ana uso mchangamfu kama dakika zile. Ninalisema hili kwa sababu wengi wetu tunafundishwa kumwona mtu wa kisasi kama mgonjwa wa hasira, uso umekunjamana. Bi Tima alikuwa anang'aa kama mtu anayesimulia safari ya Makka.

Nilichoamua, na kwa nini

Sikumwambia asamehe. Alikuwa ameshasamehe mara moja, mbele ya sheikh, na ndiyo iliyokuwa imemnyima usingizi.

Jambo la kwanza nililomwambia halikuwa la nasaha hata kidogo. Nilimwambia kwamba kama chumvi ile itaingia kwenye sufuria, mimi nitakwenda kwa mama wa bibi harusi kabla ya chakula kutoka, na sitaficha nimetoa wapi habari. Siri ya mtu ninaitunza mpaka pale inapotaka kumwangukia asiyehusika. Bibi harusi yule hakumkosea Bi Tima lolote. Alinikasirikia, akasimama, akavaa buibui. Hakuondoka.

Ndipo nikamwuliza: "Ukishamwaga, Mwanaisha atajuaje kwamba ni wewe, na kwamba ni kwa ajili ya lile neno?"

Alikaa tena. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikasikia punda akikwaruza kwato kichochoroni.

"Akijua ni mimi," alisema mwishowe, "jina langu limekwisha mjini."

"Na asipojua?"

"Atasema ni bahati mbaya. Au hasidi." Akacheka kidogo, cheko kavu. "Ataomba dua."

Swali hilo sikulitunga papo hapo. Mwaka 2009 Mario Gollwitzer na Markus Denzler, watafiti wa Ujerumani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kupima kinachomridhisha mlipiza kisasi: je, ni kumwona mkosaji akiumia, au ni mkosaji kufahamu kwa nini ameumia? Walichokiona ni kwamba maumivu matupu hayakutosha. Aliyeridhika ni yule ambaye ujumbe wake ulifika. Kisasi cha chumvi hakikuwa na njia ya kufikisha ujumbe bila kumwangamiza mwenye kuutuma, na Bi Tima, mtu wa hesabu za masinia, aliliona hilo haraka kuliko nilivyotarajia.

Polisi tuliizungumza na kuiacha. Mashua ingeweza kuwa kesi ya kuharibu mali kwa makusudi, lakini sentensi ya sebuleni ingebaki pale pale ilipo, na kijana wa miaka 22 angebeba faili maisha yake yote. Kwa Kadhi haikuwa na mlango: mahakama ile, kwa Katiba ya 2010, ni ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 159, inahimiza mapatano na njia za jadi za kusuluhisha, na njia za jadi tulikuwa nazo. Zilikuwa zimeshindwa mara moja, nami nilitaka kujua zilishindwa wapi kabla ya kuzitupa.

Nikamwomba anipe wiki mbili. Pakiti aliziacha mezani kwangu. Moja niliitumia, tatu nilimrudishia baadaye. Ni chumvi nzuri tu.

Upande wa pili wa sinia

Nilimkuta Mwanaisha akianua nguo. Nilimwuliza lini mambo yaliharibika. Alijibu bila kufikiri: siku ya masufuria.

Sentensi ya sebuleni? Alikunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo. Ndiyo, huenda alisema kitu. Alikuwa anamhurumia, presha ilikuwa imempanda kweli. Halafu, polepole, yakatoka ya kwake. Miaka 14 jikoni. Malipo yake ya mwisho kwa Bi Tima yalikuwa shilingi 1,500 kwa harusi nzima. Biriani ya harusi fulani iliyosifiwa mji mzima aliipika yeye tangu mwanzo hadi mwisho, Bi Tima akiwa amelala na mgongo, na sifa zilipokuja Bi Tima alizipokea zote. Na mwiko: mwaka mmoja kabla, mbele ya wasichana wote, Bi Tima alimpiga kwa mwiko mkononi kwa kukoroga wali wakati si wake. "Mimi mtu mzima, nina watoto."

Bi Tima, nilipomwuliza kuhusu mwiko, alisema: "Mwiko upi?"

Mwaka 1990 Roy Baumeister na wenzake, Marekani, waliwaomba watu waandike visa viwili: kimoja walipokasirishwa na mtu, kingine walipomkasirisha mtu. Mwandishi ni yule yule, lakini visa havifanani. Anapokuwa mkosewa, kisa ni kirefu, kilianza zamani, na madhara yake yangalipo. Anapokuwa mkosaji, ni jambo la siku moja, lilikuwa na sababu, na limekwisha. Wanawake hawa wawili walikuwa kila mmoja ana daftari la urefu wa mkono kwa aliyotendewa na kipande cha karatasi kwa aliyotenda. Hawakuwa wakidanganya. Ningekuwa nimewashika uwongo, kazi yangu ingekuwa rahisi.

Kikao cha pili

Tulikaa jikoni kwa Bi Tima, si sebuleni. Tulikuwa wanne: wao, mimi, na shangazi mmoja mkongwe ambaye wote wawili wanamwogopa. Wanaume hawakuwepo. Kanuni ilikuwa moja: kabla hujajibu, rudia alichosema mwenzako mpaka yeye aseme "ndiyo, hivyo hivyo".

Ilikuwa ngumu. Mara ya kwanza Mwanaisha alirudia akasema, "Unasema nilikuchukulia kazi." Bi Tima akatikisa kichwa. Mara ya pili: "Unasema nilikusengenya." Hapana. Shangazi akatema tambuu, akasema tutalala hapa. Mara ya tatu Mwanaisha alikuwa anatazama masufuria yaliyofunikwa ukutani. Akasema, taratibu: "Nilisema chumvi huijui. Nilijua nikisema hivyo watanipa kazi."

Bi Tima hakulia wala hakumkumbatia. Alisema, "Sema tena." Mwanaisha akasema tena. Kisha Bi Tima akauliza swali ambalo sote hatukulitarajia: je, aliamini alichokisema? Kweli mkono umechoka? Mwanaisha akajibu kwamba hapana, biriani ya mwisho aliyoonja kutoka mkono ule ilikuwa sawasawa, na ndiyo maana alihitaji kusema uwongo.

Zamu ya mwiko ilichukua muda mrefu zaidi, maana Bi Tima kweli hakuukumbuka na ilibidi msichana mmoja aitwe kutoka uani. Msichana alithibitisha, macho chini, akakimbia.

Kilichofuata

Hawapiki pamoja. Masufuria yanakodishwa kwa bei moja kwa kila mtu, Mwanaisha akiwemo. Mwanaisha alituma ujumbe mwingine wa sauti kwenye lile kundi kukanusha habari ya nyama. Uliwafikia wachache, kama ilivyo kawaida ya kanusho. Kijana alikubali kulipa mashini kwa mafungu matano. Alilipa matatu, kisha akapata kazi Mokowe na mafungu yakakoma. Harusi ya Alhamisi ile ilipita salama na wala hawajui kilichowapita.

Uchambuzi

Nianze na uso wa Bi Tima usiku ule. Mwaka 2004 watafiti wa Zurich, Dominique de Quervain na Ernst Fehr wakiwemo, waliwapima watu ubongo wakati wakiamua kumwadhibu mwenzao aliyewasaliti kwenye mchezo wa fedha. Sehemu iliyochangamka ni ya ndani, inayohusika na kutazamia kitu kitamu. Waliochangamka zaidi ndio waliokuwa tayari kutoa fedha zao wenyewe ili tu mwenzao aadhibiwe. Kwa hivyo anayemwambia mtu wa kisasi "achana na uchungu huo" amekosea chombo: mbele ya mtu yule pana sinia la utamu. Kumwuliza atashibaje kulifaa zaidi kuliko kumwambia sinia ni haramu.

Na utamu wenyewe hudanganya. Kevin Carlsmith, Timothy Wilson na Daniel Gilbert walichapisha mwaka 2008 majaribio ambamo waliosalitiwa walitabiri kwamba wakiadhibu watajisikia vizuri. Walioadhibu walijisikia vibaya kuliko wasiopewa nafasi ya kuadhibu, na waliendelea kumfikiria msaliti kwa muda mrefu zaidi. Niliyaona hayo kwa macho kwenye masufuria. Nilimwuliza Bi Tima alijisikiaje siku ile mtoto aliyetumwa na Mwanaisha aliporudi mikono mitupu. "Vizuri," alisema, "mpaka nilipotia ufunguo mlangoni." Baada ya hapo alishinda siku nzima akijiuliza Mwanaisha ameyapata wapi masufuria mengine.

Leso ndiyo sehemu ninayoirudia sana. Pwani yetu ilikwisha kugundua zamani kwamba kisasi kinahitaji ujumbe kuliko jeraha. Ndiyo kazi ya jina la leso, ya kijembe, ya nyimbo za vugo harusini: mtu apokee dongo lake, ajue limetoka wapi, na asipoteze kitu ila usingizi wa usiku mmoja. Ni ufundi mkubwa. Lakini unadai mpokeaji asome. Bi Tima alituma barua, barua haikusomwa, naye akahesabu kwamba imesomwa ikadharauliwa. Mtu ambaye hasikiki hupandisha sauti, na vyombo vya kupandishia sauti baada ya leso ni masufuria, kisha simu, kisha bahari. Siku hizi, pia, wasomaji wa leso wanapungua. Wasichana huinunua kwa rangi.

Kuhusu kupanda kwenyewe, kuna jaribio dogo la London la mwaka 2003 ninalolipenda kwa sababu halina chuki ndani yake. Sukhwinder Shergill na wenzake waliwaketisha watu wawili wawili wakabonyezane kidole kwa zamu, kila mmoja akiambiwa arudishe nguvu ile ile aliyoipokea. Nguvu ilipanda kwa wastani wa asilimia 38 kila zamu, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayezidisha. Ubongo hupunguza uzito wa pigo unalolitoa mwenyewe. Mwanaisha aliniapia kwamba ujumbe wa sauti ulikuwa "sawa tu" na masufuria. Kijana aliniapia kwamba kamba ilikuwa "sawa tu" na ujumbe. Sikuona sababu ya kumwita yeyote kati yao mwongo.

Sasa suluhu ya kwanza. Wazee si wajinga na sheikh aliisoma aya iliyo mahali pake. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba kikao kiliruka nusu yake ya mwanzo. Aya inaanza kwa ubaya kuitwa ubaya na kupimwa, "mfano wake", ndipo inafika kwenye msamaha na sulhu. Kikao kilianzia kwenye msamaha. Mtu akiombwa asamehe jambo ambalo halijatajwa, anaombwa kusaini hati tupu. Bi Tima alisaini kwa heshima ya wazee, akarudi nyumbani na neno lake kifuani kama lilivyokuwa, ila sasa hakuwa tena na ruhusa ya kulilalamikia. Nilizungumza na sheikh baadaye. Alinisikiliza, akasema tatizo la wanawake ni kwamba hawasemi. Nikamwambia tatizo la baraza ni kwamba halina jikoni. Tuliachana vizuri.

Upande wa kuogopesha wengine nao usidharauliwe. Bi Tima aliniambia: "Nikinyamaza, kila msichana ninayemfundisha atanifanya ngazi." Katika kazi isiyo na mkataba, kujulikana kwamba hukanyagwi ni aina ya mkataba. Nusu ya ile bei moja ya masufuria kwa wote ilitokana na hili: ilimpa kitu cha kuonyesha kwamba mambo yamebadilika, bila mtu kuumia.

Nilichoharibu mimi. Niliwatenga wanaume kwa sababu sentensi ilikuwa ya wanawake, na nikasahau kwamba mashua si sentensi. Mume wa Mwanaisha hakupata hata siku moja ya kusikia "nilifungua kamba". Alipata mafungu matatu ya fedha na kimya. Hayo ndiyo makosa ya wazee, nimeyarudia kwa mkono wangu. Wiki iliyopita niliambiwa kwamba yeye na kijana walipishana gatini bila salamu. Ninatafuta njia ya kuwakalisha kabla maji hayajatoka tena usiku.

La pili, nilichelewa kwenye ujumbe wa sauti. Ningemshauri aliyefikwa na kisa kama hiki aanze na huo, siku hiyo hiyo, kabla ya kikao chochote. Ule wa nyama bado unazunguka. Nilitumiwa mimi mwenyewe mwezi uliopita, na mtu asiyejua kwamba ninaujua, akaniandikia chini yake: "Sikiliza mambo haya."

Idd iliyofuata Bi Tima alipeleka sahani ya mkate wa sinia nyumbani kwa Mwanaisha, imefunikwa kwa kitambaa. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Juzi nilipita kumsalimu nikaiona nafasi yake kabatini, kati ya nyingine za seti ile ile, nikauliza. Alikuwa anachambua mchele. Alisema haijarudi, wiki ya tatu sasa.

"Na unaonaje?"

Akatoa kijiwe, akakitupa uani. "Anafikiri atie nini," alisema.